Harufu Humfukuza Mbu, Maji Humzaa
Mazungumzo kwa familia zinazozungumza Kiswahili mjini Dubai



Tarehe 16 Aprili 2024 Falme za Kiarabu zilipata mvua kubwa kuliko zote tangu kumbukumbu zilipoanza kuwekwa mwaka 1949. Huko Khatm Al Shakla, katika eneo la Al Ain, zilipimwa milimita 254 kwa muda usiofika saa 24. Mjini Dubai magari yalizama barabarani, uwanja wa ndege ukafurika, na maji yakatuama kwa siku kadhaa katika mitaa, viwanja vitupu na maegesho ya chini ya majengo. Baada ya maji kuja mbu, na Wizara ya Afya na Kinga ikatangaza hatua za kupambana na homa ya dengi. Katika nyumba za watu wa Pwani na Bara, kila familia ilikimbilia ililorithi: ubani ukatiwa chetezoni, mafuta ya karafuu yakatafutwa, na chungu cha mrehani kikasogezwa dirishani.

Mazungumzo haya yanahusu urithi huo: ni upi una manufaa, mwisho wa manufaa yake ni wapi, na ni kazi gani inayobaki baada ya harufu kwisha. Shina la maneno yote ni moja. Harufu humsogeza mbu mmoja kutoka kwa mtu mmoja kwa kitambo kidogo, naye mbu akaenda kumuuma jirani. Maji yaliyotuama yakimwagwa, mamia ya mbu hawazaliwi kabisa.

Mbu ametajwa katika Kurani, Sura ya Al-Baqara, kuwa mfano wa kiumbe mdogo. Udogo wake ndio unaowafanya watu wamdharau, na dharau hiyo huwagharimu wengi.

Maradhi yenye majina ya kwetu Pwani

Watu wa Afrika Mashariki hawakuanza leo kuyajua maradhi ya mbu. Katika karne ya 19 Unguja ilikumbwa na homa ya ghafla yenye maumivu makali ya viungo, mwaka 1823 na tena mwaka 1870. Tabibu James Christie, aliyefanya kazi Unguja zama hizo, aliandika kwamba wenyeji waliiita kidinga pepo. Baadhi ya wataalamu wanaona kwamba neno dengi limetokana na jina hilo. Wengine wanasema yamkini homa ile ilikuwa chikungunya. Chikungunya yenyewe ilitambuliwa kwa mara ya kwanza kusini mwa Tanganyika, katika nyanda za Makonde, mwaka 1952 na 1953. Jina lake ni la Kimakonde, nalo linamweleza mgonjwa aliyekunjamana kwa maumivu. Katika miaka ya karibuni Mombasa ilipata mlipuko wa dengi mwaka 2013 na wa chikungunya kuanzia mwishoni mwa 2017. Dar es Salaam ilipata dengi mwaka 2014 na tena mwaka 2019.

Maradhi hayo mawili huenezwa na mbu aina ya Aedes. Ni mbu mweusi mwenye madoa na mistari myeupe miguuni. Huuma mchana, hususani saa chache baada ya jua kuchomoza na saa chache kabla ya kuchwa. Chandarua cha usiku pekee hakitoshi kumzuia. Hapendi mabwawa wala mito. Hupenda maji kidogo yaliyotulia karibu na watu, kama vile ndoo, pipa au kisahani cha chungu cha maua. Tena si mbu wa safari ndefu: aghalabu maisha yake yote huishia ndani ya mita mia chache kutoka mahali alipozaliwa. Maana yake ni nzito. Mbu anayemuuma mtoto roshanini yaelekea amezaliwa katika jengo lile lile au jengo la pili yake.

Malaria huenezwa na mbu wa aina nyingine, Anopheles, anayeuma usiku. Falme za Kiarabu ziliishinda malaria kwa kazi ya miaka mingi. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa ndani ya nchi alionekana mwaka 1997, na mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani likaithibitisha nchi hii kuwa haina malaria. Hata hivyo mbu wenyewe hawakutoweka. Anopheles stephensi, ambaye asili yake ni Asia ya Kusini na Rasi ya Arabuni, huzaana katika matangi ya maji mijini, mahali ambapo mbu wengi wa malaria hawapapendi. Mbu huyo amekwisha kuvuka bahari: alionekana Djibouti mwaka 2012, Ethiopia mwaka 2016, na mwaka 2023 ikatangazwa kwamba amefika Kenya.

Na lieleweke jambo moja. Kwa kawaida mbu huyachukua maradhi haya kutoka kwa mtu mgonjwa, kisha akayapeleka kwa mzima. Kwa hiyo kumlinda mgonjwa asiumwe ni kuwalinda jirani zake wote.

Majani na manukato: uwezo na mpaka wake

Nyumba nyingi za Pwani hupanda kivumbasha na mrehani karibu na mlango, na majani makavu hufukizwa jioni. Desturi hiyo ina msingi. Watafiti waliofanya majaribio magharibi mwa Kenya waliweka vyungu vya mimea hai, ukiwamo wa jamii ya mrehani, kwenye vibanda vya majaribio. Mbu waliomfikia mtu aliyekuwa ndani walipungua kwa takriban theluthi moja. Theluthi si haba, na mwenye kuotesha mrehani roshanini amefanya jambo la maana. Lakini kati ya kila mbu watatu, wawili bado walifika.

Mchaichai nao una sifa kubwa. Mafuta ya jamii ya mchaichai hutiwa katika mishumaa, bangili na losheni zinazouzwa kila soko. Yanafanya kazi, ila yanaruka upesi. Katika jaribio moja lililochapishwa Marekani mwaka 2002, dawa za kujipaka zenye mafuta hayo zilimkinga mtu kwa muda usiofika dakika 20. Dawa moja yenye mafuta ya soya ilikinga kwa saa moja na nusu hivi. Dawa yenye DEET ya kiasi cha asilimia 24 ilikinga kwa saa tano. Anayepaka mafuta ya mchaichai saa kumi na moja jioni na kukaa nje mpaka Isha, sehemu kubwa ya jioni hiyo amekaa bila kinga ilhali anaamini anayo.

Ipo dawa moja yenye asili ya mti ambayo imefaulu vizuri zaidi: ile itokanayo na mkaratusi wenye harufu ya limau, ambayo kiungo chake kimesafishwa na huandikwa PMD kwenye chupa. Hiyo hukinga kwa saa kadhaa, ila haifai kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu. Mafuta ya kawaida ya mkaratusi yauzwayo katika maduka ya manukato si dawa hiyo, ingawa harufu zake zinakaribiana.

Wako wanaosema kwamba cha asili ni salama na cha dukani ni sumu. Historia ya pareto yatosha kulisawazisha suala hilo. Pareto ni ua jeupe linalolimwa katika nyanda za juu za Kenya na Tanzania, na unga wake huua wadudu. Viungo vya dawa nyingi za kupuliza na vya vyandarua vyenye dawa vilitengenezwa viwandani kwa kuiga kiungo cha ua hilo. Cha kuuliza juu ya dawa yoyote ni mambo matatu: inakinga kwa muda gani, inamfaa mtu wa umri gani, na hutumiwa vipi. Majibu yake huandikwa kwenye kibandiko cha chupa. Dawa isiyokuwa na kibandiko haina majibu, basi na iachwe sokoni.

Kwa watoto wenye umri wa kutimia miezi miwili na kuendelea, dawa yenye DEET yaweza kutumiwa kwa kufuata kibandiko chake. Mzazi huitia kwanza katika viganja vyake, kisha akampaka mtoto, akiepuka macho, mdomo, mikono ya mtoto na palipo na kidonda. Mwenye kutumia mafuta ya kukinga jua huanza na hayo, kisha dawa ya mbu. Mtoto aliye chini ya miezi miwili hapakwi dawa ya mbu. Kinga yake ni chandarua juu ya kitanda au kigari chake, na nguo nyepesi zinazofunika miguu na mikono. Ama kula kitunguu saumu, kumeza vidonge vya vitamini B, au kuchomeka ukutani kifaa cha kutoa mlio usiosikika, hakuna kati ya hayo kilichothibitika kumzuia mbu.

Moshi na mafuta katika nyumba iliyofungwa

Nyumba ya Pemba, ya Lamu au ya Tanga ilikuwa na madirisha wazi, ua na mwanya chini ya paa. Moshi wa majani ulipita ukatoka. Chumba cha Deira au Al Quoz kina dirisha lililofungwa na kiyoyozi kinachozungusha hewa ile ile. Moshi uliokuwa ukipita sasa unakaa. Watafiti wamekadiria kwamba chembe laini zitokazo katika duara moja la dawa ya mbu linapoteketea lote ni sawa na za sigara 75 au zaidi. Kuliwasha duara hilo usiku kucha katika chumba wanamolala watoto ni kubadilishana dhara moja kwa jingine.

Udi na ubani vina heshima yake: hupokea mgeni, hupamba nguo, hukaribisha Ijumaa na Idi. Na vibaki na heshima hiyo, vikifukizwa kwa muda mfupi, dirisha likiwa wazi, na mwenye pumu akiwa chumba kingine. Moshi wake humchanganya mbu wakati unapofuka. Ukikata, kinga nayo imekata. Makaa ya chetezo yasiachwe kamwe yakiwaka katika chumba kilichofungwa ambamo watu wamelala. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo huua kabla mtu hajazinduka.

Mafuta ya miti nayo yana adabu yake. Mafuta ya karafuu yasiyochanganywa huunguza ngozi. Mafuta ya mwarobaini yakinywewa na mtoto mchanga yaweza kudhuru ubongo na ini. Kafuri na mafuta ya mkaratusi yakimezwa na mtoto, hata kwa kiasi kidogo, yaweza kumletea degedege. Chupa hizo ziwekwe juu, mahali mkono wa mtoto haufiki, wala zisihamishiwe katika chupa ya maji au ya soda.

Hapa pana onyo kubwa kuliko yote. Wako watu ambao, wakisumbuliwa na kunguni au mende, hununua kwa siri vidonge vya fosfidi ya alumini, dawa iliyokusudiwa maghala ya nafaka. Vidonge hivyo hutoa gesi ipitayo katika nyufa za ukuta na njia za kiyoyozi mpaka nyumba ya jirani. Katika Falme za Kiarabu watoto wamekwisha kufa kwa sababu ya dawa iliyowekwa katika nyumba ya pili. Matumizi yake nyumbani yamepigwa marufuku. Kazi ya kuua wadudu kwa dawa kali ni ya kampuni yenye leseni, na mpangaji ana haki ya kuomba kuonyeshwa leseni hiyo kabla ya mlango kufunguliwa.

Maji yaliyojificha

Mbu jike hutaga mayai yapatayo 100 kwa mara moja. Palipo na joto, kutoka yai hadi mbu arukaye ni muda wa siku saba hadi kumi hivi. Kwa hesabu hiyo, nyumba inayokaguliwa mara moja kwa juma huwawahi viluwiluwi kabla hawajaota mbawa. Kazi yenyewe haizidi dakika kumi. Familia ichague siku yake, iwe siku yoyote ya mapumziko, na watoto washirikishwe, kwani macho yao ni makali kuona viluwiluwi vinavyojinyonganyonga ndani ya maji.

Jambo wasilolijua wengi ni hili: Aedes hutaga mayai yake kwenye ukingo wa ndani wa chombo, juu kidogo ya maji. Mayai hayo hustahimili ukavu kwa miezi kadhaa, yakingoja maji yarudi. Mtu akimwaga maji na kuiacha ndoo, mayai yamebaki ukutani mwake. Ndiyo sababu chombo hakimwagwi tu: husuguliwa kwa brashi na sabuni, kikasuuzwa, kisha kikafudikizwa.

Pa kutazama ni pengi. Ndoo inayokinga matone ya kiyoyozi huongoza orodha, maana hujazwa kila siku na aghalabu huwekwa pembeni mwa roshani ambapo hapatazamwi. Zinafuata visahani vya vyungu vya maua, na kile chungu cha mrehani kilichowekwa kumfukuza mbu huweza kumzaa kisahani chake kisipokaushwa. Liko pipa la bafuni na ndoo ya maji ya udhu, ambazo huhitaji kifuniko. Iko sinia ya maji nyuma ya jokofu. Liko bakuli la maji ya ndege. Kuwanywesha viumbe katika joto la Dubai ni sadaka njema, na sadaka hiyo hukamilika maji yakibadilishwa kila siku. Yako matundu ya bafu lisilotumika, ambayo yafaa kumiminiwa maji kila juma au kuzibwa. Juu ya paa liko tangi, na kifuniko chake kikiwa na ufa mdogo, mbu wa malaria amepata nyumba.

Wafanyabiashara wana sehemu yao. Dubai na Sharjah ni soko kubwa la magari yaliyotumika yanayopelekwa Mombasa, Dar es Salaam na Unguja. Tairi lililoachwa nje hushika maji hata likigeuzwa, na biashara ya matairi ya zamani inajulikana ulimwenguni kwa kusafirisha mayai ya Aedes kutoka bara hadi bara. Matairi yahifadhiwe chini ya paa, yakiwa makavu. Hali kadhalika mapipa ya mizigo ya kutuma nyumbani, yanayongoja kujazwa uani au juu ya paa: yafunikwe au yalazwe. Turubai linalofunika bidhaa livutwe lisifanye mabonde ya kutuamisha maji.

Baada ya maji kuondolewa, wavu wa dirisha huja. Tundu dogo hushonwa au huzibwa siku ile ile. Feni roshanini husaidia kuliko wengi wanavyodhani, kwa kuwa mbu ni dhaifu wa kuruka na upepo humshinda.

Liko tatizo la nyumba za kushirikiana. Katika jumba moja huenda wakaishi familia tatu au nne, na ndoo iliyo ya wote huwa haina mwenyewe. Kila mmoja humngoja mwenzake, na mbu hamngoji yeyote. Dawa yake ni zamu iliyoandikwa na kubandikwa mlangoni: juma hili familia hii, juma lijalo ile. Mahali pasipofikika, kama vile paa, chumba cha pampu, shimo la maji machafu au maegesho ya chini, humhusu msimamizi wa jengo, naye apewe habari kwa maandishi. Mbu wakizidi, au maji yakituama mtaani, Manispaa ya Dubai hupokea taarifa kwa simu namba 800900.

Safari ya likizo

Hatari kubwa ya malaria kwa familia hizi haiko Dubai; iko katika furaha ya kwenda kuwaona bibi na babu. Mtoto aliyezaliwa Dubai hana kinga yoyote ya mwili dhidi ya malaria. Mzazi wake, aliyeugua mara nyingi utotoni, naye hupoteza sehemu kubwa ya kinga yake baada ya miaka ya kuishi ugenini. Maneno yasemwayo sana, kwamba malaria haiwezi kumtisha mtu aliyezaliwa nayo, yamewaponza wengi.

Kwa hiyo safari huanzia kwa daktari, majuma manne au zaidi kabla ya kuondoka. Daktari huchagua dawa ya kujikinga kulingana na umri, afya na mahali waendako. Mama mjamzito amweleze hali yake mapema, kwa sababu malaria humdhuru yeye na mtoto aliye tumboni, na si kila dawa inamfaa. Dawa hizo huendelea kumezwa hata baada ya kurudi, kwa siku saba au majuma manne kulingana na aina yake. Anayeacha siku ya kutua amekatiza kinga kabla ya wakati. Huko kwao chandarua chenye dawa kitumiwe kila usiku, na dawa ya kujipaka jioni, hata kama wenyeji wa nyumba watacheka na kumwita mgeni. Mchana naye Aedes yuko, basi dawa ya kujipaka isiachwe begini.

Homa ikiingia nyumbani

Mtu akipata homa baada ya kurudi kutoka Afrika Mashariki, aende hospitali siku ile ile, na neno lake la kwanza kwa daktari liwe nchi aliyotoka na tarehe aliyorudi. Daktari wa mji usio na malaria huenda akadhani ni mafua asipoambiwa. Malaria kali kwa kawaida hudhihirika kuanzia juma la kwanza baada ya kuumwa mpaka mwezi au zaidi, na ziko aina ambazo hujificha kwa miezi mingi. Basi habari ya safari itajwe hata kama mwaka unakaribia kwisha, na kipimo cha malaria kiombwe. Mtu asingoje homa ipite kwa vidonge alivyobakiza safarini. Malaria kali yaweza kuua ndani ya siku chache, ilhali ikigunduliwa mapema hutibika.

Dengi huja kwa homa ya ghafla, kichwa, maumivu nyuma ya macho, viungo na mifupa, na pengine vipele. Hakuna dawa ya kuiua moja kwa moja. Tiba ni mapumziko, maji mengi na parasetamoli kwa kipimo sahihi. Asprini na ibuprofeni zisitumiwe mpaka daktari athibitishe kwamba si dengi, kwa sababu huongeza hatari ya kutoka damu. Wengi hupata nafuu, lakini wakati wa kuwa macho zaidi ni homa inaposhuka, kati ya siku ya tatu na ya saba. Wakati huo, tumbo likiuma sana, mgonjwa akitapika mfululizo, fizi au pua zikitoka damu, akilegea au asiposhikika kwa mahangaiko, apelekwe hospitali bila kungoja asubuhi. Gari la wagonjwa huitwa kwa namba 998.

Mgonjwa wa dengi alale ndani ya chandarua hata mchana katika siku za homa. Chandarua hicho hakimlindi yeye tu. Humzuia mbu wa jengo asichukue maradhi kwake na kuyapeleka kwa mtoto wa ghorofa ya juu.

Hitimisho

Hakuna aliyeombwa kuuacha mrehani wala kuuzima udi. Mrehani na uendelee kunawiri dirishani, na kisahani chake kiwe kikavu. Udi na ufukizwe kwa furaha, na dirisha liwe wazi. Mafuta ya mchaichai apakwe anayeyapenda, akijua kwamba kinga yake ni ya dakika chache. Ila kazi ya kweli ya kumpunguza mbu imo katika brashi, sabuni na dakika kumi za kila juma, na kazi ya kuokoa maisha imo katika neno moja analoambiwa daktari kwa wakati: mgonjwa huyu ametoka safari.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee. Katika mji huu ufa wenyewe ni ndoo iliyo chini ya kiyoyozi, na kuimwaga hakugharimu kitu.

Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zote na awape wagonjwa shifaa.